Kwenda Dar Kuona Tembe

Treni ya umeme kati ya Dar es Salaam na Morogoro ilianza kubeba abiria tarehe 14 Juni 2024, na madhara yake kwa akili za wanafunzi wa vyuo vya Morogoro bado hayajapata mtafiti. Zamani Dar ilikuwa safari. Mtu aliaga, akapewa salamu za kumpelekea shangazi wa Temeke, akakunja na shuka kwa kuwa ya Mungu mengi. Basi lilikuwa na Chalinze yake, Mlandizi yake, Kibaha yake na mizani yake, na aliyefika alifika amechoka kiasi cha kupaheshimu alipofika. Siku hizi anatoa shilingi 13,000, anakaa penye kiyoyozi, treni inashika mwendo wa kilomita 160 kwa saa, na kabla hajamaliza karanga zake anasikia Pugu inatangazwa. Anashuka akiwa na hesabu moja kichwani: ikiwa kilomita 200 zimekwenda kwa muda usiotimia saa mbili, basi kilomita kumi ni dakika sita.

Hesabu hiyo ndiyo iliyowaponza wanafunzi wanne wa mwaka wa pili.

Ilikuwa Jumamosi ya Februari. Bumu lilikuwa limeingia wiki hiyo, na bumu likiingia mwanafunzi huona nchi nzima ni jirani. Wakaunda kamati, maana katika nchi hii watu wanne hawaendi popote bila kamati. Mwenyekiti alikuwa yule aliyetoa wazo. Mpiga Picha alikuwa mwenye simu ya kamera tatu. Mwenyeji alipata cheo chake kwa sababu aliwahi kuishi Tandika kwa mjomba wake hadi darasa la nne. Uhazini alipewa binti wa Chamwino, mkoani Dodoma, ambaye sifa yake chuoni ni kwamba bumu jipya humkuta bado ana chenji ya bumu lililopita. Huyu ndiye aliyeshika fedha, tiketi na, kama ilivyokuja kuonekana, akili.

Mwenyekiti aliichapa ratiba na kutoa nakala nne. Saa tatu asubuhi: Makumbusho ya Taifa, kumwona Zinjanthropus. Saa nne: Sanamu ya Askari. Saa nne na nusu: kivuko, Kigamboni na kurudi. Saa saba: mihogo Coco Beach. Saa tisa: Kariakoo, manunuzi. Saa kumi na moja: stesheni, tayari kwa treni ya jioni. Ilikuwa ratiba nzuri, imepangwa kwa jedwali, ila haikuwa na mstari hata mmoja wa muda wa kutoka sehemu moja kwenda nyingine. Kwa mujibu wa kamati, mtu angetoweka Kigamboni na kuibukia Coco Beach akiwa na muhogo mkononi.

Mkosi wa kwanza ulitokea kabla hawajaondoka Morogoro. Pale stesheni mizigo hupitishwa kwenye mashine kama uwanja wa ndege, na mashine ikaona ndani ya mkoba wa Mhazini kisu alichobeba cha kumenyea maembe. Kisu kikabaki. Maembe yakaruhusiwa kusafiri. Kwa hiyo wakati treni inaiacha milima ya Uluguru nyuma, wanakamati walikuwa wanakula maembe kwa meno, juisi inatiririka hadi viwikoni, huku abiria wa jirani, mama mmoja mwenye mtandio mweupe, akihama kiti taratibu bila kusema neno.

Mpiga Picha alirekodi mandhari yote ya dirishani, kuanzia Ngerengere, Ruvu hadi Soga. Baadaye alipoiangalia video aligundua kwamba ukirekodi vichaka vilivyo karibu na dirisha kwa mwendo ule, unapata rangi ya kijani inayotetemeka. Dakika arobaini za kijani. Mwenyekiti naye aliwaeleza kwamba Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Dar mwaka 1905 na wakafika Morogoro mwaka 1907, kisha akasinzia katikati ya sentensi, kabla hajafika Tabora.

Waliposhuka, joto la Dar liliwapokea mlangoni. Februari ya pwani haina utani. Ni joto lenye unyevu, linalokuvaa juu ya nguo ulizovaa. Hapo sasa kazi ikawa ya Mwenyeji.

Ni vizuri kumtendea haki. Mwenyeji aliijua Dar vizuri sana. Tatizo ni kwamba aliijua ya alipokuwa darasa la nne. Alihama kabla ya mabasi ya mwendokasi kuanza mwaka 2016, kabla ya daraja la juu la Tazara kufunguliwa mwaka 2018, kabla ya daraja la Tanzanite kukatisha baharini pale Selander. Mji ulikuwa umeendelea kuishi bila kumtaarifu. Lakini mtu aliyekwisha kupewa cheo cha uenyeji hawezi kuuliza njia. Akanyoosha mkono kuelekea kituo cha daladala na kusema kwa sauti ya mjomba: "Makumbusho? Hapo hapo. Tunapanda gari la Makumbusho."

Gari la Makumbusho lilikuwepo kweli. Liliandikwa mbele kwa herufi kubwa, na konda alikuwa akiliita jina hilo kwa sauti ya kukata tamaa. Wakapanda.

Kila mkazi wa Dar anayesoma hapa amekwisha kujua kilichotokea, na huenda ameanza kucheka. Makumbusho ya Taifa yako mjini, mtaa wa Shaaban Robert, jirani na bustani ya mimea. Kutoka stesheni mtu mwenye miguu mizima na kofia anaweza kutembea. Makumbusho inayoitwa na makonda ni kituo cha daladala kilichoko Kijitonyama, kilomita nyingi kuelekea kaskazini, ng'ambo ya Selander, Morocco na Victoria.

Ndani ya gari kulizuka kwanza suala la nauli. Mwenyekiti, kwa kuwa ni mwanafunzi, alitoa nauli ya mwanafunzi. Konda akaitazama ile sarafu, akamtazama usoni, akawageukia abiria wengine kama wakili anayewageukia wazee wa baraza.

"Jamani, mwanafunzi ana ndevu."

"Niko chuo," akasema Mwenyekiti.

"Sare iko wapi?"

"Chuo hatuvai sare, kaka."

"Basi na nauli ya sare huna. Ongeza hapo, anko, tusicheleweshane."

Gari zima likawa upande wa konda. Bibi mmoja kiti cha nyuma akaongeza kwamba mjukuu wake naye yuko chuo na analipa kama watu. Mhazini akatoa fedha kimyakimya na kuandika kwenye daftari.

Wakati huo yeye alikuwa amewasha ramani ya simu, na aliona kile kidoti cha buluu kinachowakilisha miili yao kikiiacha alama ya makumbusho nyuma, kikivuka maji, kikipandisha Oysterbay. Alisema. Mwenyeji akajibu kwamba bando likiwa dogo ramani huchelewa. Walipofika Morocco alisema tena. Akajibiwa kwamba dereva anakwepa foleni. Hili la kukwepa foleni lilikuwa na ujasiri wake, kwa sababu muda huo gari lilikuwa limesimama kabisa, limezungukwa na magari mengine yaliyosimama kabisa, na muuza maji alikuwa anapita dirishani kwa mara ya tatu akiwasalimia kama majirani. Kilomita kumi za dakika sita zilikuwa zimekula saa nzima na bado zina njaa.

Hapo ndani ya foleni Mwenyekiti alitoa kalamu na kufuta Kigamboni. Mbele kidogo akafuta Coco Beach. Walikuwa hawajafika popote na nusu ya mji imekwisha kufutwa.

Waliposhuka kituo cha Makumbusho, bahati ikawatupia kitu ambacho ratiba isingeweza kukipanga. Karibu na hapo, kandokando ya barabara ya Bagamoyo, kuna Kijiji cha Makumbusho, tawi la Makumbusho ya Taifa lenye nyumba za asili za makabila mbalimbali ya Tanzania, zimejengwa kwa ukubwa wake halisi. Mwenyeji akaliona bango na kupumua kama mtu aliyefutiwa kesi. "Si niliwaambia Makumbusho?" Akasimama pale getini akilisoma lile bango neno kwa neno, herufi kwa herufi, kama ushahidi wake mahakamani.

Kwa hiyo vijana waliokuja Dar es Salaam kuona maghorofa wakajikuta wanazunguka msonge wa Wahaya. Mwandishi wa makala hii anaona kwamba hapo ndipo siku yao ilipoanza kuwa nzuri, ingawa kwenye kikao cha tathmini Mwenyekiti alipinga. Msonge ule umeezekwa nyasi kuanzia juu hadi chini, hauna ukuta unaojitegemea, na ndani una ubaridi ambao kiyoyozi cha treni hakiufikii. Mpiga Picha alijilaza humo akakataa kutoka.

Mbele yake wakalikuta tembe la Wagogo.

Mhazini alisimama. Tembe ni nyumba ndefu, fupi kwa kimo, paa lake la bapa limetandazwa udongo juu ya miti, imejengwa kuzunguka ua. Yeye hakuhitaji maelezo ya ukutani. Bibi yake anakaa ndani ya nyumba kama ile, na likizo zote za utotoni alizimalizia pale, akitumwa kupanda juu ya paa kuangalia nafaka iliyoanikwa. Alikuwa ameamka alfajiri, amenyang'anywa kisu, amelipa nauli ya ndevu za mwenzake na kukaa kwenye foleni kwa saa nzima ili aje kuangalia kwa bibi.

Akaanza kuwaeleza wenzake. Paa ni bapa kwa kuwa Dodoma mvua ni chache. Nyumba ya namna hii ingejengwa Morogoro mjini ingeanguka masika ya kwanza. Ua uko katikati ili mifugo ilale ndani na mwizi au fisi alazimike kupita kwa wenye nyumba kwanza. Alionyesha mahali pa jiko, mahali pa ghala, mahali ambapo bibi angekaa akikutazama unavyoiba karanga. Wazungu wawili wazee waliokuwa wakipita wakasimama, kisha familia moja ya Kihindi ikasimama, kisha wanafunzi wa shule ya msingi na mwalimu wao. Akaulizwa maswali kwa Kiingereza, akayajibu kwa Kiingereza kile cha kuwasilisha kazi darasani, pamoja na utangulizi na hitimisho. Mwishoni mzee mmoja alimshika mkono, akamshukuru, na akamwachia kiganjani noti ya shilingi 10,000.

Kamati ikapata mgogoro wake wa kwanza wa kikatiba. Mwenyekiti alishikilia kwamba fedha yoyote inayopatikana wakati wa ziara ni mapato ya kamati. Mhazini alishikilia kwamba mapato ni ya tembe, na tembe ni la bibi yake. Mpiga Picha, ili kuleta suluhu, akampiga Mhazini picha mbele ya nyumba ile: mkono kiunoni, mtandio begani, jua limekaa vizuri. Ndiyo picha pekee ya siku ile iliyotoka bila kasoro.

Nyingine zilikuwa hivi. Waliporudi mjini, kwa foleni ileile iliyogeuka upande, waliwahi kusimama kwenye Sanamu ya Askari, pale barabara ya Samora inapokutana na Maktaba na Azikiwe. Ni sanamu ya shaba iliyowekwa mwaka 1927 kuwakumbuka Waafrika waliopigana Vita Kuu ya Kwanza, mahali palepale Wajerumani walipokuwa wamemsimamisha Wissmann wao. Askari ameinama mbele, bunduki mkononi, singe imeelekea bandarini. Imezungukwa na magari pande zote, hivyo mpiga picha inabidi achague kati ya picha nzuri na maisha marefu. Huyu wetu alichagua maisha. Alipiga kutoka ng'ambo ya barabara, mara moja, macho kwenye bajaji iliyokuwa inakuja. Katika picha hiyo Mwenyekiti anatabasamu, na singe ya askari inamwingilia sikio la kushoto na kutokea la kulia.

Makumbusho ya Taifa yenyewe, yale ya kweli, walipita hatua chache tu kutoka mtaa wake bila kuingia. Fuvu la Zinjanthropus alilolipata Mary Leakey kule Olduvai mwaka 1959 lina umri wa miaka milioni 1.75. Mhazini akasema kama limesubiri muda wote huo, linaweza kusubiri bumu lijalo.

Ikabaki Kariakoo, na Kariakoo haihitaji msaada wa mtu yeyote katika kuharibu ratiba. Soko lenyewe, lile jengo alilolichora msanifu Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, lenye paa la miavuli mikubwa iliyogeuzwa juu chini ili kukinga mvua, ni sehemu ndogo tu ya kinachoitwa Kariakoo. Soko la kweli ni mitaa: Kongo, Sikukuu, Aggrey, Narung'ombe, Mkunguni, kila mmoja na bidhaa zake na kelele zake. Katika mitaa hiyo kuna vijana wanaoitwa mawinga. Winga hana duka. Ana viatu vizuri, maneno matamu na urafiki wa papo kwa papo. Anamshika mteja mtaani, anampeleka kwenye duka la mwingine, na anaishi kwa kilichoongezwa juu ya bei.

Mpiga Picha hakulijua hilo. Alipotamka tu kwamba anatafuta suruali ya jinzi, akatokea kaka mmoja mchangamfu aliyemwita "bosi wangu", akamuuliza habari za nyumbani na kumwondoa kundini kwa upole wa mchunga mbuzi. Wenzake walipogeuka, hayupo.

Wakampigia. "Uko wapi?"

"Niko Kariakoo."

"Sisi sote tuko Kariakoo! Kuna nini karibu na wewe?"

"Kuna watu wengi. Kuna duka la simu. Kuna ghorofa lenye vioo."

Mwenyeji akatazama juu. Aliona maghorofa ya vioo mbele, nyuma, kushoto na kulia, na chini ya kila moja duka la simu.

"Mwambie asogee kwenye..." akaanza Mwenyekiti, na hapo chaji ya yule mwenzao ikaisha. Dakika arobaini za kijani zilikuwa zimedai chao.

Walimpata baada ya msako mrefu, na si kwa akili yao, bali kwa kuwa alikuwa anashuka ngazi za jengo moja mtaa wa Kongo akiwa amekumbatia furushi. Winga alikuwa amempandisha hadi ghorofa ya nne kwenye duka la jumla, na huko akaelezwa kwamba suruali moja ina bei kubwa, ila akichukua sita anapewa bei ya jumla. Hesabu ikampendeza. Akachukua sita: rangi moja, saizi moja, kiuno kimoja. Alitumia fedha zake zote kuokoa fedha.

"Umeokoa shilingi ngapi?" aliuliza Mhazini, kalamu mkononi.

Hakujibu. Saa iliyokuwa ukutani kwenye duka la jirani ndiyo iliyojibu jambo jingine kabisa, na wote wanne wakaanza kukimbia. Kutoka pale hadi stesheni ni mwendo wa miguu tu, lakini Jumamosi jioni mtaa wa Kongo haukimbiliki. Mtu anasukumwa kwa kasi ya umma, na umma ulikuwa unaangalia vyombo vya plastiki. Walifika stesheni wakihema, furushi la jinzi likiwa kichwani kwa Mwenyeji. Mageti yalikwisha kufungwa. Treni ya umeme ina kasoro moja kubwa kwa abiria wa Kitanzania, nayo ni kwamba haina konda wa kumpungia mkono. Ya usiku ilikuwa imejaa.

"Msiogope," akasema Mwenyeji. "Mabasi yapo Ubungo."

Mhazini alikuwa na mashaka, ila alichoka kuwa sahihi. Wakapanda mwendokasi pale Gerezani, wamesimama, wamebanwa, wakapita Magomeni na Manzese, na Mwenyeji akawashusha Ubungo akisema stendi iko pale kwenye mataa. Mataa hayakuwepo. Tangu mwaka 2021 hapo pana daraja la Kijazi, barabara zinapandana kwa ngazi tatu. Stendi nayo haikuwepo. Mabasi ya mikoani yalihamia stendi ya Magufuli, Mbezi, mwaka huohuo, na palipokuwa stendi pamejengwa kituo kikubwa cha biashara. Mwenyeji alizunguka palepale akitafuta walau nguzo moja anayoifahamu. Muuza mahindi akamwonea huruma. "Kaka, ulikuwa gerezani?"

Wakapanda tena hadi Kimara, kisha gari jingine hadi Mbezi, na usiku ulikuwa umekwisha kuingia walipopata basi la mwisho mwisho la Morogoro. Nauli haikutosha. Ile shilingi 10,000 ya tembe ikaingia kwenye mfuko wa kamati baada ya Mwenyekiti kutia saini kwenye daftari kwamba ni mkopo kutoka kwa bibi wa Chamwino, na Mpiga Picha akamuuzia abiria mmoja suruali mbili kwa bei ambayo si ya jumla wala ya rejareja.

Basi lilikuwa linakaribia Chalinze, Mwenyekiti amelala mdomo wazi, Mpiga Picha amechajisha simu kwa dereva na kutuma picha kwenye kundi, Mhazini naye akaiweka ile moja nzuri ya tembe mahali ambapo ndugu wote wangeiona. Haikuchukua muda simu yake ikaita.

"Shikamoo mama."

"Sitaki shikamoo yako." Sauti ilisikika hadi viti vya mbele. "Yaani mwanangu unakuja Dodoma, unakwenda hadi kwa bibi yako, unapiga na picha, halafu unaondoka bila kunipitia? Nimekukosea nini?"

"Mama, sipo Dodoma. Nilikuwa Dar."

"Dar!" Kimya kidogo. "Dar kuna tembe tangu lini?"

Mhazini alifumba macho akitafuta pa kuanzia. Kiti cha nyuma Mwenyeji akainama mbele, mtu aliyelisoma bango la getini herufi kwa herufi, akamnong'oneza sikioni jibu pekee sahihi alilotoa tangu alfajiri.

"Mwambie tangu 1967."